Mtaa Usio na Wakazi

Umma ulitangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba Kiwanja Namba Kumi na Saba kingebadilishwa matumizi kutoka makazi kwenda biashara, na kwamba kila mwenye maoni alikaribishwa kuyatoa kwa uhuru, kwa uwazi na kwa ufupi. Tangazo lilibandikwa siku ishirini na moja kamili, kama sheria inavyotaka. Lilibandikwa upande wa ndani wa uzio wa kiwanja hicho, likitazamana na lundo la mchanga, lundo la kokoto na mashine ya kufyatulia matofali ambayo tayari ilikuwa na wiki tano kazini. Hakuna kokoto hata moja iliyowasilisha malalamiko.

Kaimu Mkurugenzi wa Matumizi ya Ardhi aliiona hiyo kuwa dalili njema.

Alikuwa mtu wa taratibu. Nafasi hiyo alikuwa ameikaimu kwa miaka sita, muda ambao kiti cha ukurugenzi kilikwisha kuchukua umbo la makalio yake huku barua ya kumthibitisha ikiendelea kuwa njiani. Sasa barua ilikuwa imechapwa. Ilikuwa mezani kwa Meya, haijapungukiwa na chochote isipokuwa sahihi, na Meya alikuwa amemweleza jambo hilo kama mzazi anavyomweleza mwanawe: "Niletee muhtasari wa kikao usio na pingamizi, nami nikupe barua yenye sahihi." Mwombaji wa kiwanja alikuwa kaka yake mke wa Meya. Ofisi nzima ilimwita Shemeji, pamoja na makarani ambao bado hawajaoa.

Kikwazo kilikuwa kifungu cha kumi na moja. Kifungu hicho, kilichoandikwa na watu waliokwisha kufariki na ambao kwa hiyo hawakuweza kushauriwa vinginevyo, kilisema kwamba pingamizi la mkazi mmoja tu, akitambuliwa na majirani wawili, linatosha kusimamisha ombi. Mtaa ule ulikuwa na watu wapatao mia tatu, na kila mmoja wao alikuwa na mdomo.

Asubuhi ya siku ya kikao, Kaimu alikwenda kufanya ukaguzi wa kelele. Shemeji, mtu aliyelelewa akaleleka, alizima mashine kwa heshima ya mgeni. Kaimu akasimama katikati ya kiwanja, akanyanyua kipimo, akashusha pumzi. Kipimo kikasoma kuku wawili wa nyumba ya pili. Akaandika katika daftari: "Chanzo kikuu cha kelele ni mifugo ya majirani. Wenye kuku waelimishwe." Kuhusu vumbi, alipangusa kiatu chake kwa kidole, akaona vumbi, akakumbuka kwamba kiatu hicho kilikuwa na vumbi tangu ofisini, na suala likafungwa.

Kikao kilianza saa tisa alasiri katika darasa la tatu la shule ya mtaani. Watu wazima walijikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia masikio. Waliokosa madawati walisimama dirishani. Mashine ilikuwa imewashwa tena, kwa kuwa ukaguzi ulikwisha kukamilika, na kila baada ya sentensi mbili ilikohoa matofali sita, madirisha yakatetemeka, na msemaji akalazimika kungoja.

"Ajenda ya kwanza," Kaimu alisema, "ni kuthibitisha akidi."

"Akidi si ndiyo sisi?" akauliza fundi cherehani, aliyekuwa amekaa mbele kabisa. "Tumejaa mpaka tunaning'inia."

"Mmejaa, ndugu yangu, hilo halina ubishi. Lakini kujaa na kuwepo kisheria ni mambo mawili."

Akakunjua ramani ubaoni, juu ya hesabu za kutoa ambazo hakuna aliyezifuta. Mtaa mzima ulikuwa mwekundu, umepakwa kwa penseli ya rangi na mkono usiosita. Akaeleza kwamba ili kurahisisha mchakato, ofisi yake ilikuwa imeupaka rangi hiyo tangu Ijumaa iliyopita. Nyekundu ni biashara. Kwa mujibu wa kifungu cha nne, mkazi ni mtu anayeishi katika eneo la makazi, na eneo la makazi ni la njano.

"Kwa hiyo?" fundi akauliza.

"Kwa hiyo hapa hakuna mkazi."

Mashine ikakohoa. Wakangoja.

"Basi mimi usiku nalala wapi?"

"Kulala ni hali ya mwili. Ukazi ni hadhi ya kisheria."

"Nimwambie hivyo mke wangu?"

"Mwambie kwa upole."

Mwalimu mstaafu, mzee aliyewahi kufundisha katika darasa hilo hilo, alinyoosha kidole kwa mazoea. Alisema kwamba ukuta wa chumba chake umepata ufa kutoka dari hadi sakafu, kidole kinapita, na sasa anamwona jirani akipiga mswaki.

"Ufa huo ofisi inautambua," Kaimu alimhakikishia. "Tusiyemtambua ni mwenye nao."

Karani wa kikao, binti mwenye mwandiko mzuri na sura isiyosema kitu, alinyanyua kalamu. Orodha ya mahudhurio ilikuwa na safu ya wakazi tu, na watu sabini na watatu walikuwa wakimtazama. Aliuliza awaandike kama nani.

"Wapita njia."

"Wapita njia wameketi, bosi?"

"Andika: wapita njia waliopumzika."

Kelele zikazuka ambazo hata mashine haikuzifikia. Mmoja aliuliza kama mpita njia anatakiwa kulipa bili ya maji. Mwingine akataka kujua anapita kutoka wapi kwenda wapi, maana amepita hapo tangu azaliwe na bado hajafika. Kaimu aliyasikiliza yote kwa subira ya mtu anayejua kwamba hakuna hata moja litakaloandikwa.

Ndipo Mama Mkunga akasimama, na darasa likanyamaza.

Alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya waliokuwemo mle ndani aliwapokea kwa mikono yake mwenyewe, na bado alizungumza nao kama watu ambao hawajamaliza kufutwa. Kaimu alijiandaa kwa vita. Alikuwa na vifungu vitatu vya akiba.

"Mwanangu," Mama Mkunga alisema, "umefafanua vizuri. Ila mimi mtu mzima, kichwa kimekuwa chujio. Hilo la kwamba hakuna mkazi, ni kwa hawa walio ubavuni mwa mashine, au ni kwa mtaa wote?"

"Mtaa wote, mama. Sheria haibagui."

"Kuanzia duka la dawa mpaka kule mwisho?"

"Kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mkono wa kushoto na wa kulia."

"Afadhali. Maana watu wa siku hizi hawana haya. Usije ukaandika leo, kesho akaibuka mtu akasema yeye bwana anaishi hapa."

Kaimu aliguswa. Katika miaka sita ya kukaimu hakuwahi kukutana na mwananchi aliyeuelewa mchakato. "Haibuki, mama."

"Au akasema aliishi zamani, kabla hujapaka rangi."

Hilo hakuwa amelifikiria. Lilikuwa tundu katika sheria, na tundu lenyewe alikuwa ameonyeshwa na kikongwe. Akamgeukia karani na kuamuru iandikwe: "Kikao kimejiridhisha pasipo shaka kwamba mtaa huu hauna, na kwa miaka kumi iliyopita haukuwa na, mkazi yeyote wa hadhi yoyote."

"Mama, unatuuza!" fundi alifoka.

"Kaa chini wewe. Nilikutoa umetanguliza miguu, na mpaka leo unatanguliza miguu." Kisha, kwa Kaimu: "Nitaomba nakala yenye mhuri, mwanangu. Nikaisome taratibu nyumbani."

"Pale unapopumzika," Kaimu alimsahihisha.

"Pale ninapopumzika," Mama Mkunga alikubali.

Muhtasari uliandikwa ukaandikika. Wakazi waliohudhuria: hakuna. Wapita njia: sabini na watatu. Mapingamizi ya wakazi: hakuna. Ijumaa asubuhi Meya aliupokea, akautia sahihi bila kuusoma, kama inavyompasa mtu mwenye majukumu mengi, na kwa kalamu hiyo hiyo akatia sahihi barua. Kaimu alirudi nyumbani akiwa Mkurugenzi. Alimwambia mkewe aache kumwita kwa jina la kawaida mbele ya wageni, akaagiza kibao kipya cha mlangoni.

Jumatatu, Mama Mkunga alikwenda kwa Mwanasheria wa Halmashauri. Hakwenda kulalamika, alieleza, kwani mpita njia alalamike nini. Alikuwa na swali dogo tu. Ile nyumba ya ghorofa mwisho wa mtaa wao, yenye geti jeusi na askari wawili, anakaa nani?

"Mama, hata mtoto anajua. Anaishi Mheshimiwa Meya."

"Ndivyo nilivyodhani na mimi. Lakini karatasi hii inasema pale haishi mtu, wala hakuishi mtu miaka kumi iliyopita. Sasa mimi ni nani nibishane na mhuri?"

Mwanasheria alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena kwa matumaini kwamba doa lilikuwa kwenye kioo. Sheria ya uchaguzi ilimtaka Meya awe mkazi wa mji ule kwa miaka mitatu kabla ya kuchaguliwa. Nyumba ya Meya mjini mle ilikuwa moja, na geti lake lilikuwa jeusi.

Kabla ya saa nane mchana watu watatu walikuwa wamejifungia ofisini kwa Meya.

"Ufutwe!" Meya alisema. "Muhtasari huo ufutwe sasa hivi."

"Muhtasari uliotiwa mhuri hufutwa na Meya peke yake," Mwanasheria alijibu.

"Basi naufuta."

"Kwa mujibu wa muhtasari, Meya hayupo."

Meya alijitazama, kuanzia tumboni kwenda chini. Mkurugenzi alikohoa kwa adabu. "Na ile barua yangu?"

"Barua ipi?" Mwanasheria akauliza. "Ile iliyotiwa sahihi na mpita njia?"

Swali hilo lilitosha kumrudisha Mkurugenzi kuwa Kaimu, na halikuhitaji kuchapwa.

Njia ilibaki moja, Mwanasheria alisema: kifungu cha kumi na moja. Mkazi akiwasilisha pingamizi, na majirani wawili wakamtambua, uamuzi wote unakufa na rangi inarudi kuwa ya njano. Alikwisha kupita nyumba hadi nyumba kumtafuta mtu wa kupinga. Watu walimpokea vizuri sana. Wote walisema wao si wakazi, na walikuwa na nakala.

"Nani basi apinge?" Meya aliuliza.

Mwanasheria akamtazama kwa huruma.

Jumanne alasiri Meya alifika barazani kwa Mama Mkunga akitembea kwa miguu, kwa sababu lori la Shemeji lilikuwa linashusha mchanga na limeziba njia. Kaimu alimfuata nyuma na fomu na mhuri. Majirani walikwisha kukusanyika, wakisimama kando kando kama watu wasiotaka kuingilia mambo ya wenye mtaa.

"Kwanza atambuliwe," Mama Mkunga alisema.

Fundi cherehani alimkagua Meya kutoka utosini hadi kwenye soli. "Sura si ngeni. Nimeiona kwenye bango."

"Bango halitoshi. Muulize swali."

"Mheshimiwa, jirani yako wa kushoto ni nani?"

Meya alifikiri sana. Alitazama juu, akatazama chini, akamtazama Kaimu, ambaye hakuwa na kifungu cha kumsaidia. "Nadhani," alisema hatimaye, "ni mtu mmoja mpole hivi."

"Ni mimi," fundi alisema. "Mwaka wa saba huu."

Hata hivyo walimtambua, kwa kuwa roho zao zilikuwa nyepesi siku ile. Meya akakaa kwenye kigoda na fomu mapajani. Aliandika jina lake. Aliandika "mkazi", akalikolezea wino. Kisha akafika mahali palipoandikwa *Kero anayoipata mkazi*, na hapo kalamu ikasimama. Madirisha ya nyumba yake yalikuwa ya vioo viwili viwili, yaliyoagizwa mbali.

"Niandike nini hapa?"

"Andika," Mama Mkunga alisema, "mashine inawashwa alfajiri kabla jogoo hajaamua."

Meya akaandika.

"Andika vumbi linaingia kwenye chungu cha chakula, kwenye maziwa ya mtoto, kwenye kifua cha mgonjwa. Andika nyufa. Andika malori yanayorudi kinyumenyume mlangoni kwa watu. Andika nguo huanikwa nyeupe zikaanuliwa zimejaa saruji. Andika tulikwenda ofisini mara tano tukaambiwa mhusika yuko kwenye semina."

Meya aliandika mpaka akageuza karatasi. Upande wa pili alisita, akainua macho. "Kumbe yote haya mnayapata?"

"Sisi?" Mama Mkunga alishangaa. "Sisi hatupati kitu, Mheshimiwa. Wewe ndiye mkazi."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa watu wenye adabu. Fundi aliweka sahihi ya kwanza ya utambuzi, mwalimu mstaafu ya pili kwa mwandiko wa ubaoni, na Meya mwenyewe akasoma kwa sauti pingamizi la kwanza na la pekee dhidi ya kiwanda cha shemeji yake. Alilazimika kusoma kwa kupiga kelele, ili lisikike juu ya mashine. Kufika sentensi ya tatu alikuwa amekasirika kikwelikweli, kama mtu aliyeonewa.

Kaimu akagonga mhuri: *Limepokelewa*. Mtu akatumwa kiwandani, mashine ikazimwa, na kuku wawili wa nyumba ya pili wakasikika vizuri.

Meya aliinuka, akajifuta saruji kwenye suruali, akalitazama lori la Shemeji, lililobaki na mchanga usio na pa kushushwa, kisha akamgeukia Kaimu, aliyekuwa akikunja fomu kwa uangalifu mkubwa.

"Hebu niambie," alisema taratibu. "Na wewe unaishi wapi?"

Kaimu alikuwa na nyumba, mke na watoto watatu, mtaa wa nne kutoka pale. Alilipima swali hilo kwa uzoefu wote wa utumishi wake, kisha akajibu kwamba suala hilo bado liko kwenye upembuzi yakinifu.