Jeneza la Hilmer Haliwezi Kuzama

Saa tatu na nusu asubuhi karakana yote ya maboti hapa Orust, kisiwani Uswidi, husimamisha kazi, watu wakanywa kahawa. Sisi wastaafu hatuna kazi ya kusimamisha, lakini kahawa tunakunywa kuwazidi wenye kazi. Meza yetu iko nyuma kabisa, karibu na kreni.

Leo gazeti alilifungua Majken, mama aliyepaka maboti faiba miaka thelathini na sasa anatawala birika.

"Jamani, hii inamhusu mtu hapa. 'Kuanzia mwaka mpya, tanuri la kuchomea maiti halitapokea majeneza ya plastiki wala ya faiba.'"

Sote tukamgeukia Hilmer. Huyu tunamwita Povu. Maisha yake yote ameunda maboti ya ngozi mbili nyembamba za faiba, katikati povu gumu, na hakubali kitu kingine chochote kikae hapo katikati. Majira yote ya baridi amekuwa pale pembeni akijiundia jeneza lake mwenyewe kwa ufundi huo huo. Kalisugua likang'aa kama kioo, mpaka unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Kalimaliza Jumamosi.

"Uzushi," akasema.

"Imeandikwa, soma."

"Basi mnizike ardhini."

"Ardhini nako hawakutaki!" akadakia Gottfrid. Huyu ni Balsa, na kama jina lake linavyosema, kwake hakuna kiini cha kuweka hapo katikati ila mti wa balsa. "Sheria ya makaburini, jeneza lazima lioze. La kwako watalifukua baada ya miaka mia tano, na suti haina hata kunyanzi."

"Basi nitupeni baharini, niacheni kwa amani!"

"Baharini? Na povu? Bwana wee, hilo halizami! Utaelea mpaka Norwei, ukifika wakudai pasipoti."

Ragnvald alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Yeye tunamwita Sega. Alifanya kazi kiwanda cha ndege, na anaamini katikati panafaa karatasi ngumu iliyoundwa kama sega la nyuki.

"Ungenisikiliza mimi," akasema akijifuta. "Karatasi nyepesi na inaungua. Nyuki hajawahi kukosea."

"Nyuki hajakosea, wewe je? Miaka ishirini kwenye ndege, kazi yako kubandika mlango wa choo!" Povu akamrukia.

"Mlango wa choo ndio mlango mkuu wa ndege! Waulize abiria."

"Acheni utoto," akasema Balsa akipachika ugoro ndani ya mdomo wa juu. "Balsa ndiyo dawa. Mti mwepesi, unaungua vizuri, na harufu yake tamu."

"Balsa yako ikinywa maji inakuwa uji!" Povu akapiga meza. "Sitaha ya boti la mkwe wako nani haijui? Ulikanyaga, ukazama hadi goti."

"Alitoboa tundu akaliacha wazi! Kila siku mti unasingiziwa makosa ya mwenye drili!"

"Hivi nyie," Majken akaingilia, "mbao za kawaida za dukani zina ubaya gani?"

Povu akaweka kikombe chini. Taratibu. Si kawaida yake.

"Jeneza la Sixten lilikuwa la mbao za kawaida. Mwaloni. Kilima cha kanisa, Februari, barafu tupu. Niliteleza mimi. Tukamwangusha rafiki yetu mbele ya mkewe. Sitaki kuangushwa. Na sitaki mtu avunjike mgongo kwa ajili yangu. Ndiyo maana nikaweka povu. Kilo kumi na moja na nusu, basi."

Nasema kweli, nilimwonea huruma. Siku ile kona ya nyuma niliishika mimi, na bega linaniuma mpaka leo kukinyesha.

Lakini huruma ya Balsa haidumu. "Kumi na moja na nusu? Mwongo wewe."

"Twende kwenye kreni!"

Kreni yetu ina mizani, maana boti halinyanyuliwi bila kujua uzito wake. Tukalifunga jeneza mikanda, Majken akabonyeza kitufe. Kumi na moja na nusu kamili. Balsa akavua kofia, na huyo ni mtu asiyevua kofia hata kwa mchungaji.

"Heshima yako, fundi. Sasa ingia, tuone siku yenyewe itakavyokuwa."

Povu akavua viatu asichafue kazi yake, akalala, akakunja mikono kifuani kwa fahari zote. Majken akabonyeza tena. Kreni ikaguna.

"Mia moja ishirini na tisa na nusu," akasoma.

"Kreni mbovu!" sauti ikatoka ndani ya jeneza.

"Jana imepima maboti matatu, haikulalamika."

Sega akahesabu kwa vidole. "Ukilinganisha na mwaloni, kilo sitini umepunguza kwenye sanduku. Mwenye sanduku hukumpima."

"Asubuhi nzima tunagombania kiini," akasema Majken, "na kiini chenyewe kinakula maandazi manne kila siku."

Tulicheka hadi tukashikana. Povu hakucheka. Alikuwa amening'inia mita moja juu ya sakafu, anatazama bati la paa.

"Sasa nani atanibeba?" akauliza kwa sauti ndogo.

Tukatazamana wanne. Hakuna aliye chini ya miaka sabini.

"Sisi," akasema Balsa. "Hatua kumi, tunapumzika. Hatua kumi nyingine, tunapumzika. Mchungaji atasubiri, analipwa mshahara. Na jeneza nitaunda mimi, la balsa, liungue kama watakavyo."

Povu akaguna tu. Kwa Povu hiyo ni ndiyo, na ndiyo ya kwanza kuisikia tangu tufahamiane.

"Ila Hilmer, ndugu yangu," Sega akasema, mkono kiunoni, "nakuomba ufe kabla ya Oktoba. Oktoba napasuliwa nyonga, na daktari kasema baada ya hapo nisibebe kitu."

Kichwa cha Povu kikachomoza juu ya ukingo.

"Ahirisha operesheni! Sina nafasi ya kufa: mwisho wa Septemba msimu unafunguliwa, natega kambakoche."