Njia Inayopita Chumba cha Kushonea

Jumatatu, 3 Machi

Mwenzangu,

Leo nimeona tangazo ghorofa ya tatu. Idara ya hesabu inatafuta mtafiti wa algoriti. Nilimuuliza Profesa wa idara hiyo algoriti ni nini, huku nikimkabidhi bahasha zake mojamoja ili apate muda wa kujibu. Akasema ni hatua za kufuata mpaka upate jibu. Yeye hasa hutafuta njia fupi kuliko zote ya kupita sehemu nyingi na kurudi ulikoanzia.

Mimi ni tarishi wa chuo hiki mwaka wa kumi na tisa! Vituo thelathini na kimoja kila asubuhi, na narudi nilikoanzia. Wanatafuta nini tena?

Nimeandika maombi. Penye shahada nimejaza: nimezibeba zote.

Dada yako ameyasoma akacheka hadi akakaa chini. Amesema, "Shemeji, wewe hata rimoti ikikushinda unaniita mimi." Wivu tu.

Jumanne, 4 Machi

Mpinzani amejitokeza. Bwana mmoja mwenye shahada ya uzamivu na tai nyekundu. Nimemwita Tai Nyekundu. Nimeichelewesha bahasha yake dakika ishirini. Halafu roho ikanisuta, nikaipeleka mbio. Lilikuwa tangazo la miwani.

Mpango: nimemwomba Profesa anishindanishe na kompyuta ya Tai Nyekundu. Vituo vyangu vya kila siku, kila mmoja apange njia yake, mwenye njia fupi apewe kazi. Mashindano amekubali. Kuhusu kazi alikohoa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshindwa. Kwa hatua mia nne na kumi!

Tai Nyekundu alionyesha njia zote mbili ukutani, yangu kwa wino mwekundu, ya kompyuta kwa bluu. Zinafanana kama mapacha mpaka maktaba. Hapo yangu inashuka ngazi, inazunguka karakana, inakwenda hadi chumba cha kushonea majoho, ndipo inarudi kwa mwenzake. Akauliza kwa upole huko huwa napeleka barua gani. Nikasema kuna hewa nzuri.

Hukuwahi kuandikiwa barua hata moja, mwenzangu. Nani amwandikie fundi wa majoho? Lakini nilikuwa napita, nawe bila kuinua kichwa kwenye cherehani unasema, "Umechelewa," hata nikiwahi. Miaka miwili sasa hakuna wa kusema hivyo, na miguu bado inakwenda.

Baya zaidi, msajili wa chuo alikuwepo. Ameipenda njia ya bluu. Ameagiza niifuate kuanzia kesho. Mashindano niliyaomba mwenyewe, kwa mdomo wangu huu!

Ijumaa, 7 Machi

Mpango mpya, mzuri ajabu. Njia ya kompyuta hupita penye barua tu. Basi nimekuandikia barua, kwa anwani ya chumba cha kushonea! Nikaiingiza kwenye orodha ya asubuhi, na mstari wa bluu ukashuka ngazi wenyewe, kama mbuzi aliyevutwa kamba. Ndani niliweka karatasi tupu. Sikujua nianzie wapi.

Fundi mpya akaifungua. Akaigeuza karatasi huku na huku. Akasema jina ni la marehemu, mwandiko ni wa tarishi, na stempu imechorwa kwa kalamu. Akaipeleka kwa Profesa. Mimi nilijificha katikati ya majoho. Yanawasha shingoni. Hukuniambia.

Jumatatu, 10 Machi

Profesa ameniita. Bahasha yangu katikati ya meza, Tai Nyekundu pembeni. Nikajua nafukuzwa. Akauliza tu marehemu alikuwa nani kwangu. Nikamwambia. Akauliza kama ndiye aliyeshona joho lake. Nikasema ndiye, alilifumua mara mbili, akilalamika kwamba mtu huyu ana mabega ya ndege. Profesa akacheka, akafuta miwani muda mrefu.

Kisha akamgeukia Tai Nyekundu. "Ongeza sharti. Chumba cha kushonea lazima kipitwe, barua iwepo isiwepo."

Tai Nyekundu akabonyeza. Mstari wa bluu ukajikunja, ukalala juu ya mwekundu wangu, kituo kwa kituo, bila tofauti ya hata hatua moja. Amesema hajawahi kuona mtu aliyepata jibu bora kabisa kwa miguu. Akanipa mkono. Msajili ameisaini njia hiyo.

Kazi amepewa yeye.

Nimetafakari nikiwa ngazini. Jambo liko wazi: kompyuta imehitaji siku nne kufika nilipo mimi. Kosa langu lilikuwa kuomba nafasi ndogo. Kwenye ubao uleule kuna tangazo jingine, wanamtafuta mkuu wa idara. Fomu nimeshajaza. Penye wadhamini nimeandika jina lako, chumba cha kushonea. Barua yao nitaileta mwenyewe.

Wakikuuliza habari zangu, mwenzangu, nikumbuke.