Herufi Moja na Marafiki wa Kuteuliwa

Nyeri, Jumatano

Kwa Mwalimu Jackton, Idara ya Kiingereza.

Pokea heshima zangu, Mwalimu. Nimechagua kuandika kwa sababu nikisimama mbele yako nitasahau maneno yote.

KUH: OMBI LA KUIFUTA HERUFI "A"

Katika insha yangu kuhusu maisha ya shuleni niliandika: "I have few friends." Ulieleza darasani kwamba kwa kukosa "a" nilikuwa nimesema karibu sina rafiki, ilhali "a few" ingemaanisha ninao kadhaa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kiswahili husema "marafiki wachache", basi. Mama yangu kule Kiriaini akisema ana kuku wachache, hakuna anayemwonea huruma.

2. Darasa lilicheka. Mercyline, ninayekaa naye dawati moja, aliuliza kwa sauti, "Ati few? Kwani mimi ni kabati?"

3. Uliagiza Mercyline na mwanafunzi mwenzetu Gatwiri wale nami kila mchana. Hiyo ndiyo saa yangu ya kusoma. Sasa Gatwiri huchagua viazi vyote kwenye githeri yangu ya mahindi na maharagwe akiniambia, "Wewe soma tu, msomi, mimi niko na kazi hapa." Sisomi. Nalinda viazi.

4. Jumapili, Chama cha Wakristo kiliniombea kwa jina, kati ya wagonjwa na wasafiri.

5. Hata "the" haitendi haki. Mto Sagana hupewa, lakini Mlima Kenya, tunaouona dirishani kila asubuhi isiyo na ukungu, umenyimwa. Mlima umekosa nini?

Kwa hivyo naomba "a" ifungiwe maabarani pamoja na asidi, na isitolewe bila sahihi ya mwalimu. Hilo likiwa gumu, basi niondolee tu wale wawili mezani kufikia Ijumaa, nirudishiwe kimya changu.

Nisalimie walimu wote wa idara, mpishi wetu, na hata "an", ambayo bado haijanikosea.

Ni mimi mwanafunzi wako, nikilalamika kwa adabu,
Murugi, Kidato cha Tatu

Baada ya sahihi: Jana wote wawili walikuwa Murang'a kwa mashindano ya voliboli. Nilikula peke yangu, kitabu kikiwa wazi, nikasoma ukurasa mmoja mara nne. Mwalimu, nilipoandika sentensi ile sikusahau "a". Ulinisoma sawasawa. Lakini hiyo ilikuwa mwezi uliopita. Naomba uiongeze sasa, kwa kalamu nyekundu, na ile meza uiache ilivyo.