Taa za LED Kwenye Jeneza

Leo nimeaibika msibani, mbele ya padre na Kibosho nzima.

Mimi napiga video za shughuli hapa Moshi. Leo nilikuwa narusha moja kwa moja mazishi ya Mama Felista. Mtazamaji hasa alikuwa mmoja: Rozi, kitindamimba wake. Yuko Ulaya, karatasi zake hazijakaa sawa, akitoka harudi. Alichoomba ni kuuona uso wa mama yake kabla jeneza halijafunikwa. Basi.

Wajukuu nao walikodi taa za LED, wakalizungushia jeneza. Taa kali, kama za baa. Kwenye kamera uso wa marehemu ukawa mweupe pee, huoni pua wala mdomo.

"Utaweza kweli, kijana?" akauliza baba mdogo wa Rozi.

"Mzee, hiyo ndogo." (Mdomo huu.)

Badala ya kubana tundu la lenzi, nikapandisha kasi ya shata, kile kipazia cha kamera kinachofunguka na kufunga, mpaka moja ya elfu ya sekunde. Uso ukaonekana. Ila taa hizi huwaka na kuzimika upesi kuliko jicho linavyoona, na shata ya kasi inazikamata. Michirizi myeusi ikaanza kumshuka marehemu usoni. Nikadhani waya umelegea, nikainama kuushughulikia.

Ndipo sauti ya Rozi ikatoka kwenye spika. Simu yake tulikuwa tumeiunganisha huko ili apate kuaga.

"Msimfunike! Mama anapepesa macho!"

Wanakwaya wakakimbilia migombani. Shangazi mmoja akapiga magoti. Baba mdogo akaweka kiganja puani kwa marehemu, akakiacha hapo muda mrefu, sote tukimtazama. Kisha akatikisa kichwa.

Padre akanigeukia. "Kijana, ni kamera?"

"Ni kamera, padre."

"Mwambie mwenyewe." Akanipa kipaza sauti.

Nikamwambia. Watu wote wale wakinisikiliza, nikamwambia binti wa watu kwamba mama yake hajapepesa chochote, ni michirizi ya shata yangu. Nikabana tundu la lenzi, nikaishusha shata hadi moja ya hamsini. Michirizi ikakoma, uso ukatulia. Nilitamani kaburi lile liwe langu.

Rozi akasema taratibu, "Kaka, irudishe ilivyokuwa."

Nimeirudisha moja ya elfu, michirizi ikaanza tena. Kwa taa za LED ni moja ya hamsini, mafundi wenzangu, najua. Leo msinifundishe.