Kimaori Changu na Kikechua cha Telesphor

Majimoto, Jumatatu, 5 Agosti 1996

Wachimba kisima wamefika. Wawili. Mmoja Mmaori wa Nyuzilandi, Wiremu, mwili kama ghala la mpunga. Mwingine katoka milimani huko Peru, Saturnino, mfupi, kofia haivui hata akila. Kiswahili wamejifunzia Dodoma. Kinachechemea lakini kinafika.

Wamepima. Maji yapo kwangu, karibu na zizi. Yapo pia kwa Telesphor, yule Mfipa katekista mstaafu, kwenye mihogo yake. Bomba ni moja tu. Kamati ya maji itachagua Ijumaa.

Tabu iko hapa. Mwenyekiti wa kamati ni mama yake Kabula, mke wangu mdogo. Mkwe wangu! Sisi Wasukuma mkwe hatumwangalii usoni, jina lake hatulitaji, na njiani nikimwona naingia porini. Kwa umri nimempita, lakini porini naingia. Sasa kisima nitamwombaje?

Hapo inatakiwa akili. Ninayo. Nimesoma darasa la pili la mkoloni, ambalo ni kama la kumi la siku hizi. Nitajifunza Kimaori, nimwombe Wiremu kwa lugha ya mama yake, yeye aiambie kamati.

Jumanne, 6 Agosti

Nimempelekea Wiremu maziwa mgando. Kimaori ni chepesi. Kila neno linaisha mdomo wazi, kama Kisukuma. Maji ni wai. Nyumba ni fare. Lugha nzima nimeimaliza kabla ya chakula cha mchana. Hata salamu: mnagusanisha pua na paji la uso, macho mnafumba, mnavuta pumzi pamoja. Wiremu kasema najifunza haraka. Sikushangaa.

Jioni Kabula kaniambia Telesphor naye kashinda kwa Saturnino, anafundishwa Kikechua. Mwizi wa mawazo.

Jumatano, 7 Agosti

Kilabuni leo moto. Telesphor kasimama kama yuko altareni. Anasema Kikechua ndicho chenye akili: nyumba ni wasi, nyumba yangu wasiy, nyumba zangu wasiykuna, kila kitu kinabandikwa nyuma. Nikamwambia basi lugha yake ina mkia, na chenye mkia tunakichunga sisi Wasukuma. Kimaori kinasema neno, kinapumzika, kinasema lingine, kama mtu mzima. Akajibu hata Kiswahili kinabandika, tofauti ni kwamba kinapenda kubandika mbele. Wajinga wakampigia makofi.

Nikatoa silaha. Nikasema Kimaori kina sisi mbili. Tatou, yaani sisi pamoja na nyie. Matou, yaani sisi bila nyie. Na kisima kitakuwa cha matou.

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, mtani, hizo mbili Kikechua kinazo pia. Nyokanchik ni sisi na wewe. Nyokayku ni sisi bila wewe. Kisima ni cha nyokayku, wewe endelea na mkojo wa ng'ombe wako.

Imeniuma. Lakini fikiria. Bahari nzima iko kati ya watu hawa, hawajawahi kupikiana ugali, na kila mmoja kajitungia neno la kumfungia jirani mlango. Watu wa maana sana.

Ijumaa, 9 Agosti

Leo sitaki kuandika. Naandika.

Nilipata habari za uhakika kwamba mama mkwe yuko mnadani Kibaoni. Nikavaa koti, nikaenda mkutanoni. Wiremu akaanza kuwasalimia wanakamati kwa pua, mmoja mmoja kwenye mstari. Nikaona bahati hiyo. Nikamfuata nyuma kama msaidizi wake. Akimaliza yeye, naanza mimi, macho nimefumba kama inavyotakiwa. Watu wananong'ona kwamba mzee Masunga keshakuwa Mmaori. Nikazidi kufumba.

Pua ya mwisho ilikuwa ya baridi na inanuka ugoro. Nikavuta pumzi kwa heshima zote. Nikafumbua macho.

Ni yeye. Lori la mnadani liliharibika njiani, karudi kwa miguu, kasimama mwisho wa mstari. Na yeye alikuwa kafumba macho.

Alijifunika kanga kichwa kizima akakimbia huku. Mimi nilikimbia kule, nikapita katikati ya matofali ya shule. Telesphor nilimsikia anauliza hiyo salamu kwa Kimaori inaitwaje.

Jumapili, 11 Agosti

Wazee wa kwetu wamekaa. Nimetoa kondoo wa faini, tena yule mnene. Mama mkwe katuma neno kupitia Kabula: alikuwa amekwisha kuamua kisima kije kwangu, amwonee huruma binti yake anayebeba ndoo toka mtoni. Sasa hawezi. Hawezi kuja kuchota maji kwenye uwanja wa mkwe aliyemgusa pua. Bomba linakwenda kwenye mihogo.

Kabula anaweka ugali chini na kuondoka.

Jumatano, 14 Agosti

Maji yametoka kwa Telesphor. Meupe. Kabula kaleta ndoo, nimekataa kuyanywa mpaka saa sita mchana, jua lilipokuwa kali.

Nimechunguza kosa liko wapi. Liko kwenye Kimaori. Lugha gani inamfumba mtu macho mbele ya watu? Kikechua kinasalimia kwa mdomo tu, kutoka mbali. Saturnino kabla ya kuondoka kanifundisha: maji ni yaku. Nimeshakishika chote.

Kwa hiyo nimemtuma Kabula kwa mama yake akaombe kisima cha pili, kwa Kikechua. Kauliza kwa nini asiombe kwa Kisukuma, wakati yule ni mama yake mzazi.

Huyu mwanamke hajui kabisa mambo ya lugha.