Chumba cha Mraba Ubavuni mwa Msonge

Jumanne, 6 Agosti

Puleng, najua ni wewe unayesoma. Kila ukija unasema unakwenda kukunja mablanketi, kumbe unachokonoa shajara ya mamako. Lakini wewe mtoto! Krismasi hukuja. Pasaka hukuja. Wajukuu wangu wameota meno na kuyang'oa, sijayaona. Huna haya. Umekula? Haya, soma.

Kaka yako Moeketsi amepiga simu. Anakuja Jumapili. Akikuta bado sina chumba chenye bafu na choo cha ndani, ananihamishia kwake Maseru, ghorofani. Ati siku ya theluji niliteleza nikienda chooni, nikalala pale chini peke yangu. Mimi, ghorofani! Kuku wangu watapanda lifti?

Kwa hiyo najenga. Nimechora kwa kijiti kwenye majivu: chumba cha mraba, paa bapa, dirisha la kioo kutoka sakafuni hadi juu, kimebanana na msonge wangu. Kizuri! Kuku akatembea juu ya bafu. Nimechora tena.

Jumatano, 7 Agosti

Fundi Phoofolo kaja. Kauzunguka msonge kama mbwa asiyepata pa kulala. Akasema duara na mraba havikumbatiani. Maji ya paa la nyasi yatamwagikia lile bapa, nitaoga kabla sijafika bafuni. Anataka ujia mwembamba wa kioo katikati, msonge ubaki msonge. Nikamuuliza ujenzi kajifunzia wapi, zizini? Akasema ndiyo, zizi la babake, na bado limesimama. Mjinga! Ujia sasa ni wazo langu.

Shida ni mawe. Yako kilimani, na Phoofolo ana mgongo mmoja. Anataka watu. Watu wanataka pombe. Sina hata mtama wa kuku.

Alhamisi, 8 Agosti

Akili! Nimechana shuka, nikafunga kipande cheupe kwenye mti mrefu, nikausimika uani. Bendera nyeupe: pombe ya mtama imeiva. Hata mtoto anyonyaye anajua. Uji wangu haujapoa, ua umejaa watu waliojitanda mablanketi, na farasi wao. Nikawaambia jiwe kwanza, kopo baadaye. Wakabeba! Wakiimba! Mimi kwenye kigoda, naamrisha kama chifu. Ukuta ukafika kiunoni.

Jua likainama. Wakaniambia, "Mapuleng, makopo." Nikasema pombe bado inapumua. Wakasema itapumulia tumboni. Mmoja wao, mzee Ntsane, akaingia jikoni, akafunua chungu. Maji ya kuoshea vyombo! Akatoka nacho, akauliza, "Bibi, hii ndiyo pombe?" Nikajibu ndiyo kwanza inaanza.

Hapo akatokea jirani yangu Malineo, mikono kiunoni. Yeye ndiye mpika pombe, na bendera yake ilikuwa imepepea tangu asubuhi bila mteja. Akanipigia kelele: "Mwizi wa kiu za watu!" Wenzake Ntsane wakaanza kuyang'oa mawe yangu wayarudishe kilimani! Nikamwomba Malineo. Ndiyo, mimi. Akakubali kuwanywesha kwa sharti moja: dirisha langu lisitazame ua wake. Hataki nimhesabie wanywaji. Ananijua. Nikaapa kwa kaburi la babako.

Wakanywa. Nami nikaonja. Chungu! Nikaonja tena kuhakikisha.

Ijumaa, 9 Agosti

Hakuja mtu. Kijiji kizima kinaumwa kichwa. Ukuta uko kiunoni, paa hakuna, bafu hakuna. Nimewafunga kuku miguu niwazoeze safari. Silii. Ni moshi.

Jumapili, 11 Agosti

Moeketsi kaja. Akautazama ukuta. Nikamwambia huu ndio mtindo mpya, unaoga ukiiona milima. Hakucheka. Akaniambia nifungashe mablanketi yangu.

Bendera! Nilisahau kuishusha. Tukasikia kwato. Ua ukajaa upya, Ntsane mbele na kopo lake mkononi, Malineo nyuma yao akitukana. Moeketsi akauliza, watu hawa huja hapa kila siku? Malineo akanitangulia: "Mwanangu, huyu mamako akipiga chafya tu, nusu ya kijiji inakuja kumdai kitu."

Moeketsi akakaa juu ya ukuta. Akavuta pumzi ndefu, ile ya mtu aliyetuliwa gunia. Akasema kilichomnyima usingizi si choo, ni mimi kulala thelujini bila wa kuniinua. Nibaki. Paa na bafu atanunua yeye.

Nabaki, Puleng! Niliwafungua kuku kwa meno. Nikamwita Malineo mchawi, nikamkumbatia mpaka akakohoa.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimelala fofofo. Asubuhi nikamweleza Phoofolo kwamba bafu lazima lipumue. Tundu dogo tu la mvuke, upande wa Malineo, usawa wa jicho langu. Akanikumbusha nimeapa kwa kaburi la mume wangu. Nikamwambia marehemu naye alipenda kuchungulia.

Ukija, lete pazia jepesi, la kuonea nje bila kuonwa. Na Malineo akikuuliza ni la nini, mwambie la kufunikia mkate.