Joka, Megafoni na Mwenzi wa Mama Adolphine

Jumanne, 6 Juni 2023

Nina bahati. Sijisifu, ninaandika tu mambo jinsi yalivyo. Jana jioni watu wa kampuni ya mine, yaani mgodi, walipita avenyu yetu hapa Dilala, Kolwezi, na kopo la rangi nyekundu, wakiandika namba kwenye kuta. Nyumba yenye namba itabomolewa mwezi wa nane, maana shimo la shaba linakuja huku. Nyumba zote za avenyu zimeandikwa. Yangu hapana. Rangi iliruka mlango wangu kama vile inaniogopa. Majirani wakishangaa, shauri yao. Mi nilizaliwa hivi. Kasumbalesa, Solwezi, Ndola, kila mpaka na kila mji nilioingia walinifungulia huku wakicheka.

Leo asubuhi mapema nimebandika afishi mpya, picha ya karatasi, kando ya mlango. Kubwa, mita moja na nusu. Shujaa na upanga. Chini yake: SALLE DE JEUX CHEZ DOCTEUR KISIMBA, yaani ukumbi wa michezo kwa Dokta Kisimba. Udokta nilijipa mwenyewe, sikutaka kusumbua chuo kikuu. Shule niliiacha mwaka wa nne wa sekondari, kwa mapatano kati yangu na prefe, mkuu wa shule.

Ndani nina kompyuta mbili. Moja inafanya kazi. Ng'ambo ya barabara kuna Zakaria, na televisheni yake pana kama kitanda, na mchezo wake wa mpira. Kwake wanajaa. Kwangu kuna mteja mmoja, lakini mteja wa kweli: Mama Adolphine, mjane, miaka sitini na tisa.

Anafika kila asubuhi saa tatu na mto wake wa kukalia. Anacheza Falme za Moshi, mchezo wa mapanga, mizimu na majoka. Hapendi kuua mbwa mwitu, anasema nao wanatafuta chakula. Akikuta sufuria ndani ya mchezo, anapika. Na katika mchezo huo unaweza kutembea na mwenzi: mtu wa kompyuta anayekufuata, anapigana kando yako, anakuzungumzisha njiani.

Leo Mama amesema siku ya posho, Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 17, kamyo ya mizigo inamchukua. Hangoji buldoza. Anaenda Kasaji kwa binti yake Elise. Elise anashinda shambani kutwa. Kinachomwogopesha Mama ni nyumba yenye kunyamaza. Marehemu bwana yake, Tata Stanislas, alikuwa mtu wa baraji ya Nzilo, bwawa la umeme, na alianza kuongea ugali ukiwa bado jikoni, hakuacha mpaka sahani zimeoshwa. Basi ameomba kitu kimoja. Mwenzi wa mchezo anayeongea Kiswahili chetu, nimtie ndani ya kompyuta ndogo aliyopewa na mkwe, aende naye. Hawa waliomo sasa wanaongea Kifaransa "sawa ba notere", kama mawakili.

Nimemjibu palepale kwamba mwenzi huyo yupo. Ni mod, ni kusema nyongeza ambayo watu wanatengeneza wenyewe nyumbani kwao na kuiingiza katika mchezo. Nikasema watu wanne tu duniani wanamjua, na mmoja wao ni mi.

Kazi imebaki moja. Kumpata.

Jumatano, 7 Juni

Nimetafuta tangu saa moja asubuhi. Mod maarufu sizitaki, hizo hata Zakaria anazijua. Mi ninashuka mpaka kurasa za chini kabisa za mtandao, mahali hakuna mtu anayefika. Nimevua mwenzi mmoja, punda anayelalamika juu ya mvua. Watu tisa ndio walioichukua dunia nzima. Nimevua mpishi mwanamke anayechukia chumvi. Nimevua mtawa anayeogopa ngazi, watu kumi na mmoja.

Mama amewajaribu wote. Punda amempenda sana. Lakini punda haongei Kiswahili, na Kifaransa chake ni cha shida.

Saa tano Zakaria amevuka barabara, mikono mfukoni. Ametangaza mbele ya batu kwamba yeye anaye mwenzi wa Kiswahili. Kiswahili safi, cha pwani. Anaye kwenye flash. Nilikuwa natafuta namna ya kukataa, kumbe Mama amekwisha kusogeza kiti.

Kweli mwenzi huyo anaongea. Alimwambia Mama: "Hima, ewe bibiye, tujongee langoni." Mama alimsikiliza kwa heshima yote, akaniuliza kwa sauti ya chini huyu ni askofu wa wapi. Kisha akampeleka kwenye nyumba ya wageni mle ndani ya mchezo, akamketisha karibu na moto, akafunga mlango polepole, akaendelea na safari peke yake.

Zakaria amerudi kwake na flash yake. Siku njema.

Ijumaa, 9 Juni

Akili imefunguka. Mod isiyojulikana kupita zote ni ile ambayo bado haipo. Ninamchukua mtawa wa ngazi, ninatoa sauti yake, ninaweka yetu. Ana sentensi kumi na mbili tu. Labda ndiyo sababu hajulikani.

Kwanza nilijirekodi mwenyewe. Mama alisikiliza sentensi mbili. "Mwana yangu, ule mutu anataka kuniuzisha kintu." Nimefuta.

Sauti kubwa ya Dilala ni moja: Tata Kalombo. Miaka ishirini anazunguka na megafoni. Chanjo, maji, mbuzi aliyepotea, na sasa habari za kuhama. Nimempelekea karatasi yangu ya sentensi na chupa ya munkoyo, kinywaji cha mahindi. Alikubali kabla hajamaliza chupa. Lakini bila megafoni hataki. Anasema sauti bila megafoni ni mtu bila suruali. Tumerekodi chumbani kwangu, megafoni mdomoni, mabati yanatetemeka.

Tatizo la pili: kila sentensi anaianza vilevile. "Batu ba Dilala, musikilize." Nilimwomba aruke hapo. Alijaribu mara sita, jasho likamtoka, kinywa kikakataa. Tatizo la tatu: neno joka hakulitaka. Anasema mtu mwenye wajukuu hawezi kutangaza joka, majirani watamwona amelewa. Ameweka "ile kitu" mahali pake. Nimeacha. Msanii usimbane.

Jumapili, 11 Juni

Baada ya misa. Nimemaliza. Mtawa anaitwa Stanislas sasa.

Mama alikaa, akapanga mto wake, akabonyeza. Mtawa akageuka na kunguruma: "Batu ba Dilala, musikilize. Mama, minafika. Twende." Nikafumba macho, nikangoja matusi.

Mama akacheka mpaka akavua miwani. Anasema ni yeye kabisa. Tata Stanislas alikaa miaka thelathini kando ya mashini za baraji, hakujua tena kuongea polepole. Hata chumvi alikuwa anaiomba kwa tangazo.

Nimemwambia hilo nililijua tangu mwanzo. Sikulijua.

Jumanne, 13 Juni

Ninaandika huku mlango umefungwa kwa komeo. Ni baridi ya Juni.

Nilitaka tu Zakaria asikie. Nikatundika bafle langu nje, juu ya afishi, spika nzima nzima inatazama barabara. Saa nne Mama, mle ndani ya mchezo, alifika kwenye lango la mji wa chuma. Pale ndipo joka linaposhuka. Stanislas akaliona. Na avenyu yote ikasikia, sauti ya Tata Kalombo, megafoni yake, mwanzo wake: "Batu ba Dilala, musikilize. Ile kitu inaingia leo, haingoje tena. Mutoshe bitu inje, mutoke mu manyumba. Hapana kubakia mutu."

Mi nilikuwa nyuma, ninaosha vikombe. Kurudi mbele, barabara imejaa magodoro. Kabati la Mama Ngalula limelala kifudifudi. Zakaria amefunga televisheni yake kwa kamba nyuma ya taxi-moto, anambembeleza motari, dereva wake, asirukie mashimo. Mmoja anauliza buldoza iko wapi, wa pili anajibu ameiona kwa macho yake.

Na Tata Kalombo mwenyewe ametoa kitanda chake. Amekikalia katikati ya barabara, amevaa kofia ya sikukuu. Nilimuuliza anafanya nini pale. "Mi nilisikia tangazo." Nikamkumbusha kwamba sauti ile ni yake. Akasema ndiyo, njo maana aliiamini.

Mama Adolphine alitoka wa mwisho, alikuwa bado anapigana. Alipoona magodoro alisimama mlangoni. Aliniambia kwamba mwaka wa 92, watu wa Kasai walipofukuzwa, aliona majirani zake hivi hivi, pale gare, stesheni ya treni, wiki kwa wiki, wamekalia magodoro wakingoja treni ya kuwaondoa. Akaanza kupita mtu kwa mtu, akiwaita kwa majina, akiwaambia ni mchezo wa kompyuta, warudishe bitu ndani. Kompyuta ya nani, hakusema. Angeweza kusema.

Kabla godoro la kwanza halijaingia ndani, jeep ikafika. Tume ya kampuni, ya kuhakikisha namba. Kwenye avenyu zingine tume hii inakuta milango imefungwa, batu wako soko, wako machimbo. Leo imekuta kila familia imesimama nje, na bibi, na kuku, kila mmoja chini ya namba yake. Wameandikwa wote, hata wale ambao orodha ya kwanza iliwasahau. Aliyeandikwa atapata kiwanja kule wanakohamishwa. Mkubwa wa tume alisema hajaona avenyu yenye nidhamu kama hii.

Mi sikuandikwa. Nilikuwa chini ya meza, nikidhani jeep ni ya polisi. Nilisikia viatu vyao mlangoni. Mmoja alisema hapa hakuna namba, ni afishi tu. Wakapita.

Ni sawa. Nyumba bila namba inahitaji kiwanja kwa kazi gani?

Ijumaa, 16 Juni

Avenyu imenisamehe. Mama Ngalula amesema kabati lake lilihitaji kupigwa jua. Tata Kalombo anatembea kama mtu aliyeokoa mji. Zakaria amekuja kuomba sauti ya Kalombo aiweke kwenye mchezo wake wa mpira. Nilimkatalia kwa maneno makali. Kisha nikamnakilia.

Nimemwekea Mama mchezo kwenye kompyuta yake ndogo. Unatembea kama watu wanaotoka makaburini, lakini unatembea. Stanislas yumo. Mama amesikiliza sentensi zote kumi na mbili, moja moja, mikono mapajani.

Alisema nimefanya muzuri. Halafu akasema bwana yake hakuwa na kumi na mbili. Na huyu ukimjibu, hasikii.

Nikamwahidi kumi na mbili zingine. Akauliza nani atazileta Kasaji.

Nikashika kitambaa, nikafuta vumbi la meza. Mi, Kisimba, kufuta vumbi. Ninaandika tarehe vizuri, maana haijapata kutokea.

Jumamosi, 17 Juni

Kamyo ilifika saa mbili. Nimebeba godoro lake, masufuria, mto wa kukalia. Kompyuta ndogo aliikumbatia mwenyewe.

Alikuwa amekwisha kukaa mbele na shofere, akashuka tena. Akaja mlangoni kwangu. Alishika kona ya afishi kwa vidole viwili, ile kona ya chini ambayo gundi imekauka. Hakuivuta. Aliuliza kama nina valizi, sanduku la safari.

Nikamuuliza valizi ya nini, mtu mwenye nyumba isiyo na namba. Akanijibu kwamba kwa Elise kuna chumba cha kutazama barabara, na mchana umeme unakuja. "Weye unaongea sana, Kisimba, na maneno yako haimaliziki. Panda."

Valizi ninayo. Nilikuwa nimeipanga tangu jana, kwa kuijaribu zipu. Kompyuta nzima nimeifunga ndani ya blanketi. Ile mbovu nimempa Zakaria, avunjevunje apate vipande. Mwisho nikabandua afishi. Ilibanduka kwa sauti mbaya. Zakaria alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliutazama ukuta, akanitazama. Nilingoja anicheke, nilikuwa hata na jibu tayari. Alishika upande mmoja wa afishi, tukaikunja pamoja, akaifunga kwa kamba yake ya televisheni.

Shofere alipouliza nimesema ninaenda Kasaji kufungua tawi. Akauliza makao makuu yako wapi. Nikamwambia atazame barabara.

Jumatatu, 19 Juni. Kasaji

Chumba ni kizuri. Baiskeli zinapita dirishani tangu alfajiri, na mihogo. Asubuhi Mama amekaa na mto wake, Stanislas akanguruma "Batu ba Dilala, musikilize", Mama akamjibu kwamba hapa siyo Dilala tena, na mi nikajibu kwa niaba ya Stanislas kutoka jikoni. Wamegombana, yaani tumegombana, juu ya sufuria mpaka saa sita. Elise aliporudi kutoka shambani alisema nyumba inasikika tangu njia panda.

Kazi haijalala. Kwenye gare ya hapa kuna mtu anayetangaza treni kwa megafoni. Sauti ya chini, nene, imelowa vizuri. Kesho ninampelekea karatasi: sentensi hamsini, na joka kubwa kupita lile la kwanza. Bafle nitalitundika juu ya paa, litazame soko. Safari hii hakuna kinachoweza kuharibika.

Watu wa hapa wameniuliza kwa nini mtu anaacha Kolwezi nyumba isiyo na namba. Nimewaambia mwenye bahati haogopi kuacha.

Afishi nimeitundika kwa Elise. Kwanza niliigeuza, nikaangalia mgongo wake. Namba iko pale, imejichapa kinyumenyume, kwa sababu nilipobandika rangi ilikuwa bado inanata. Arobaini na moja. Nyekundu, ndefu kama mkono wangu. Haikuruka mlango wangu hata kidogo. Niliandika uongo.